Wiki Kumi na Moja za Namba Kumi na Saba

11 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile sikio la kushoto nalo limepata nafuu. Sisi hatujambo. Mama amehamishiwa zamu ya asubuhi pale maabara, kwa hiyo anaondoka kabla hatujaamka na anatuachia maagizo kwenye karatasi juu ya jiko, utadhani sisi ndio wagonjwa wake. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na anatembeza pengo lake mtaa mzima kama mtu aliyeshinda kombe. Baba yuko vilevile: pampu za maji, redio, miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilipomwambia nakuandikia alipunguza redio, akasema, "Mwambie huku mvua bado." Nadhani hiyo ndiyo salamu yenyewe.

Simu inanifunga ulimi, na wewe simu husikii, kwa hiyo kwa barua tunafaana.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Ile shule ya msingi mliyosoma wewe na Baba inatimiza miaka hamsini mwezi wa nane. Darasa la saba la mwaka wa Baba limeitwa likutane palepale, na kila mtu atume ukurasa mmoja wa kumbukumbu zake, zitachapishwa kijitabu. Baba aliisoma ile barua akiwa amesimama, akanipa. "Andika wewe. Wewe ndiye mwenye kalamu humu ndani." Nikamuuliza niandike nini. Akasema mambo matatu: walikuwa wanakaa watano dawati moja, mwalimu wao wa darasa la saba walimwita Saa Mbovu, na yeye hakukosa hata siku moja. "Basi," akasema, "ukurasa umejaa."

Haujajaa, Shangazi.

Hilo la tatu nalijua tangu sijajua kusoma. Kile cheti cha mahudhurio kipo sebuleni juu ya redio, na katika nyumba hii ndicho daktari mkuu. Wiki iliyopita nilikuwa na homa. Wewe nitakwambia ukweli: siku ya kwanza ilikuwa homa, siku ya pili ilikuwa zamu yangu ya kusoma mbele ya darasa. Baba hakubishana nami. Alikinyooshea kijiko kile cheti, akaendelea na chai yake. Nikaenda. Sauti ilinitoka kama bawaba ya mlango. Shuleni tunasoma kwa lugha ile nyingine, nyumbani tunaishi kwa hii yetu, na kusimama mbele za watu nikaongea siwezi kwa yoyote kati ya hizo mbili.

Kwa kuandika ninaweza. Naomba unisimulie mlikuwaje huko. Ukurasa unatakiwa mwisho wa Juni, na kwa kuwa utakuwa na jina la Baba chini yake, nataka uwe wa kweli.

Ni mimi, mwenye maswali mengi na sauti ndogo,
Binti wa kaka yako

*

3 Machi

Bi Kimya wangu,

Marahaba, tena mara mbili: moja yako, moja ya huyo baba yako ambaye salamu zake ni taarifa ya hali ya hewa. Mwambie huku imenyesha.

Mimi mzima. Sikio limeshakufa, tusilisumbue. Nimezama kwenye sare za shule mpaka kiunoni, sketi za bluu kila upande, nikilala naota pindo. Fundi viatu jirani yangu aliniona napokea bahasha akapiga kelele, "Mama, mchumba huyo ni wa wapi?" Nikamwambia mchumba ana miaka kumi na mitano na anaogopa simu. Akasema, "Mchukue, huyo hatakusumbua."

Sasa, shule. Keti vizuri.

Hatukuitwa majina. Kila mtu alikuwa na namba kwenye rejista, na namba hiyo ukiipata darasa la kwanza unazeeka nayo. Baba yako alikuwa kumi na saba. Mwalimu akiita namba, huitikii "Nipo." Unaitikia "Yupo!" Sijui nani alianzisha, lakini ndivyo ilivyokuwa, kila mtoto anajisemea kama anamsemea jirani.

Sakafu ilikuwa ya udongo. Kila Ijumaa tunakuja na kopo la maji, tunamwagia ili vumbi litulie. Njia nzima ni makopo vichwani. Wengine wanayanywa njiani, wakikaribia shuleni wanajazia kwenye dimbwi. Kitabu cha ramani kilikuwa kimoja shule nzima, bahari zake zimechakaa kwa vidole.

Saa Mbovu alivaa saa iliyosimama. Ilisimama kabla hatujazaliwa. Lakini ukimuuliza saa ngapi anaitazama kwa makini, anatazama kivuli cha mlango, anakwambia, na hakosei hata dakika tano.

Na siku ya mvua! Hii uiandike. Paa la bati bila dari, mvua ilipopiga usingeweza kusikia hata mawazo yako. Walimu wengine walikuwa wanakaa tu wanasubiri. Saa Mbovu alichukua chaki akaandika ubaoni: LEO HATUONGEI. Akaandika swali la hesabu. Anayejua anakwenda mbele anaandika jibu, anayebisha anakwenda anafuta. Akaandika mzaha juu ya namba tisa, ambaye alikuwa mmbea asiye na kifani, kwamba leo ndiyo siku yake ya mateso. Tulicheka bila sauti mpaka tukalia. Saa nzima darasa zima halikutoa neno, na sijawahi kusikia watu wakiongea vile. Niliporudi kwenye dawati mkono wangu ulikuwa mweupe wa chaki mpaka kwenye kiwiko.

Hayo yatakutosha. Mimi, unavyojua, niliacha darasa la tano. Cherehani ya bibi yako ilihitaji miguu mingine. Kwa hiyo huo mkutano haunihusu. Ila nitakwambia kitu, na usimwambie baba yako: lile darasa ningependa kuliona mara moja tu. Nikae kidogo, niondoke. Lakini wanaalikwa waliomaliza, na mimi si mtu wa kwenda nisikoitwa.

Msalimie mwenye pengo.

Shangazi yako, kutoka chini ya sketi

*

21 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne. Mama anakusalimu sana, ameuliza kama utamshonea koti la kazini, lenye mifuko mikubwa. Mwenye pengo anakusalimu kwa filimbi, maana sasa anaweza.

Niliandika ukurasa. Nikaweka namba, makopo, saa iliyosimama, na ile siku ya mvua nikaifanya ndiyo kiini chake, kwa sababu naipenda kuliko nilivyoweza kusema. Darasa ambalo hakuna anayeongea! Ningekuwa mwanafunzi bora wa dunia.

Nikampa Baba asome. Alikuwa anatabasamu mpaka alipofika kwenye mvua. Akasoma, akarudia. Akavua miwani.

"Nani kakwambia hii?"

"Shangazi."

"Siku hiyo sikuwepo," akasema. Halafu akainuka, akaenda kuangalia kama bomba la nje linavuja. Halivuji. Nilimwona dirishani, amelisimamia tu.

Nilibaki natazama kile cheti. "Hakukosa hata siku moja." Sasa nifanyeje? Kama siku ile hakuwepo, cheti kinasema uongo. Kama alikuwepo, Baba anasema uongo. Sijawahi kujua kimojawapo kikidanganya.

Na samahani, Shangazi, lakini kuna la tatu. Wewe uliacha darasa la tano. Chaki ya darasa la saba ilikufikaje kwenye kiwiko?

Sikushtaki. Nauliza tu.

Bi Kimya (jina nimelipenda)

*

6 Aprili

Bi Kimya,

Marahaba. Koti la mama yako nitalishona, anitumie vipimo: mabega, kifua, urefu wa mkono. Asipime juu ya nguo, watu wote wanapima juu ya nguo halafu wananilaumu mimi.

Huku joto. Cherehani kubwa ilikatika mkanda katikati ya kazi, nimeshona kwa ile ya mguu siku tatu, magoti yananikumbusha umri. Fundi viatu amenipa kipande cha ngozi tukafunga mkanda wa muda, unalia kama paka.

Ukurasa wako andika zaidi juu ya yale makopo ya maji, watu watacheka. Ya mvua yatoe. Darasa la tano na la saba yalitenganishwa na ukuta mfupi, mtu aliweza kuona mengi.

Shangazi

*

24 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Vipimo vya Mama vipo nyuma ya karatasi hii, hajapima juu ya nguo, nilimsimamia. Wote wazima.

Barua yako ilikuwa fupi. Niliiweka chini nikawaza: sikia lakini usiulize tena. Nikashindwa. Mimi ni mwoga wa watu, ila swali likiniingia halinipi usingizi. Na ukuta mfupi mtu anaona juu yake, sawa, lakini haupitishi chaki.

Nakiri: nilifungua droo ya Baba. Mwaliko ulikuwa humo, na chini yake kulikuwa na picha ambayo sijawahi kuonyeshwa. Watoto wa darasa la saba, mistari mitatu, Saa Mbovu pembeni ameinua mkono wenye saa. Nyuma ya picha zimeandikwa namba kwa mpangilio. Nikahesabu mpaka kumi na saba. Amekaa mstari wa mbele, kichwa kimenyolewa, shati limemzidi, kaptura, magoti yamebana. Anacheka kwa mdomo wote. Baba hachekagi hivyo.

Na kwenye nyusi ya kulia ana ule mkato. Baba hana mkato. Wewe unao, ule wa mkasi wa Bibi, ulinionyesha mwenyewe nilipokuwa na miaka sita ukaniambia ndiyo maana watoto hawachezi karibu na meza ya kukatia.

Nimeirudisha picha kama ilivyokuwa. Sijamwambia mtu. Ukiniambia ninyamaze nitanyamaza, ndiyo kazi ninayoijua. Lakini ukurasa siwezi kuuandika nikijua kwamba siujui.

Kitu kingine, na hiki kinanitisha kuliko cha kwanza: kwa nini Baba haji kwako? Kila mwaka anasema mwakani.

Bi Kimya

*

10 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, na sitasingizia posta. Barua yako ilikaa chini ya boksi la vifungo wiki sita. Kila nikitafuta kifungo naiona.

Nyusi! Miaka yote hiyo nilijua nguo itanisaliti, au sauti. Nyusi sikuifikiria.

Haya. Baba yako ni mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, lakini kwa kimo tulikuwa sawasawa, watu walitudhania pacha. Babu yako alipofariki, bibi yako aliamua mmoja asome na mmoja ashone. Alikuwa na watoto wawili na cherehani moja, simlaumu. Aliyekuwa karibu kumaliza ndiye aliyebaki shuleni.

Mwanzo wa darasa la saba baba yako alipanda paa la choo cha shule kufuata mpira. Mpira ulishuka salama. Yeye alivunjika mguu chini ya goti, wakamfunga plasta mpaka pajani. Sheria ya shule: ukikosa siku ishirini mfululizo, namba yako anapewa mwingine, na waliokuwa wanasubiri kurudia darasa walikuwa wengi. Huna namba, huna mtihani wa mwisho. Bibi yako alisikiliza hilo mpaka mwisho. Jumapili akaniita uani, akaninyoa, akanivika kaptura ya kaka yangu. "Wewe jibu 'Yupo' tu," akasema, "halafu kaa kimya kama gogo."

Siku ya kwanza niliketi mahali pa kaka yangu. "Kumi na saba!" "Yupo!" Saa Mbovu akainua kichwa. Akanitazama. Akaitazama saa yake.

"Kumi na saba, naona umepungua."

"Ni homa, mwalimu."

"Basi kaa, homa isije ikakuangusha ukiwa umesimama." Akaandika alama kwenye rejista, akaenda kumi na nane.

Watoto arobaini na wawili, Bi Kimya, na hakuna aliyesema. Hata yule mmbea wa namba tisa. Walinisogezea nafasi tu.

Gogo sikuwa. Nilijaribu siku mbili. Ya tatu akauliza swali la hesabu, darasa zima limeinamisha vichwa, mkono wangu ukanyanyuka wenyewe kama si wangu. Nilikuwa nimekaa karibu mwaka mzima nikipima mabega ya watu, sehemu za nusu na robo nilizijua kwa vidole. Nilikwenda ubaoni kila siku. Jioni narudi, namkuta kaka yangu kitandani, namsomea yote, kila neno, mpaka bibi yako anasema mwacheni apumue.

Wiki kumi na moja. Nimeshona harusi za watu, nimefungua duka, nimeona mengi. Sijapata tena wiki kama zile.

Halafu Alhamisi moja nimerudi, bibi yako akasema, "Kesho huendi. Kaka yako amepona." Sikujua kwamba ile ilikuwa siku ya mwisho, penseli yangu niliiacha dawatini. Nikakaa kwenye cherehani. Nywele zikaota. Mwisho wa mwaka baba yako akaja na kile cheti, akakiweka mezani, hakunitazama, nami sikumtazama. Hatujawahi kulizungumza. Sasa umejua kwa nini haji: ni vigumu kukaa chumba kimoja na kitu ambacho wote wawili mnakiruka.

Usiandike haya. Baba yako ana watu chini yake kazini, wasije wakasema mhandisi ana cheti cha uongo. Andika makopo. Na mkutano waache wakutane, mimi sitakuja, usinihangaikie.

Koti la mama yako liko tayari.

Shangazi

*

4 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Koti limefika. Mama amelivaa na hajalivua, anatia kila kitu mifukoni, jana alirudi na birika la maabara.

Uliniambia nisiandike. Sikuandika. Lakini hukuniambia nisiulize.

Siku nne nilimfuata Baba kutoka chumba hadi chumba nikiwa na swali mdomoni, na kila akigeuka nasema, "Nataka maji." Amenipa maji mengi sana. Jumamosi mchana alikuwa mezani anatengeneza redio, Mama na mdogo wangu wametoka. Nikachukua daftari, nikaandika juu kabisa: LEO HATUONGEI. Nikamsogezea.

Alilisoma. Nilidhani atainuka aende bombani. Akafuta mikono, akachukua kalamu. Nakunakilia yote kama yalivyo.

Mimi: *Ulilala wiki ngapi na ule mguu?*

Yeye: *Nane.*

Mimi: *Shangazi anasema kumi na moja.*

Hapo aliishika kalamu bila kuandika. Halafu:

Yeye: *Tatu za mwisho nilikuwa mzima.*

Nikamwandikia: *Kwa nini?* Akaanza kuandika, akakata, akaanza tena, akakata. Mwisho akaiweka kalamu chini akaongea. Baba, Shangazi, ambaye akitaka chumvi ananyoosha kidole.

Alisema plasta ilitolewa wiki ya nane na mguu ulikuwa mzuri. Lakini kila jioni ulikuwa unaingia mlangoni unaongea kabla hujavua viatu, umesimama katikati ya chumba unamfundisha, unamwigiza Saa Mbovu na saa yake. "Sikuwahi kumwona vile," akasema. "Nikasema bado unauma. Bibi yako alinikanda kwa maji ya moto, nikapiga kelele za uongo." Alitaka kufika mpaka mtihani wa nusu muhula, ili uufanye wewe, uone ungekuwa wa ngapi. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Akawa anatoka mchana Bibi akienda kupeleka nguo za watu, anacheza mpira nyuma ya nyumba peke yake. Alhamisi ile Bibi aliwahi kurudi.

"Wiki mbili tu," Baba akasema. "Ningevumilia wiki mbili tu bila mpira, angefanya mtihani. Mpira ulinivunja mguu, na bado nikauendea." Bibi alimpa adhabu yake na akamkataza kukwambia, ili usije ukamchukia. Naye anaamini ulijua siku nyingi, na unamchukia kwa adabu.

Nilimuuliza kwa nini sasa alikitundika kile cheti. Akasema, "Ni kazi ya shangazi yako na mimi. Sikuwa na picha nyingine ya kutundika." Nilitaka kumwambia ipo moja kwenye droo, nikakumbuka kwamba siijui droo.

Ukurasa ameuandika mwenyewe. Alikaa ameutoa ulimi nje kama mdogo wangu. Haukujaa hata nusu. Unaanza hivi: "Mimi namba kumi na saba nilikosa wiki kumi na moja za darasa la saba. Dada yangu hakukosa hata moja." Nikamuuliza kuhusu watu wa kazini. Akasema pampu hazisomi vijitabu.

Aliutuma, na akamwomba katibu wa maandalizi wakualike. Jibu limekuja haraka kuliko posta inavyoruhusu. Katibu ni namba tisa! Ameandika mstari mmoja: "Miaka yote hii tulikuwa tunasubiri nani atasema kwanza, mimi nimekaribia kufa." Mwaliko wako nimeuweka humu ndani. Wamekuita kwa namba na kwa jina.

Baba alitaka kukuandikia. Ameanza mara tatu, zote zinaishia kwenye mvua. Kwa hiyo nauliza mimi, kwa niaba ya wawili: utakuja?

Bi Kimya

*

17 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimefunga duka ili nikuandikie, fundi viatu anagonga anadhani nimezirai.

Mwambie baba yako simchukii. Hapana, usimwambie. Ngoja.

Kuna jambo sikulisema kwenye ile barua ndefu, na nilidhani nitakwenda nalo. Wewe umeandika kwamba anaamini nilijua. Nilijua, Bi Kimya. Sio Alhamisi ile. Nilijua tangu wiki ya tisa, siku ya Jumanne. Nilirudi nikakaa ukingoni mwa kitanda chake nimsomee, nikaona mbegu za majani zimeng'ang'ania blanketi, zile ndogo zenye miiba zinazoshika nguo ukipita nyuma ya nyumba. Mtu aliyelala hazimwoti miguuni. Nilimtazama, amefumba macho anaugulia. Nikaendelea kusoma. Na huku nasoma nikazibandua, moja moja, nikazitupa dirishani, ili bibi yako asizione.

Nilifanya hivyo kila jioni, mpaka Alhamisi ile.

Sikuwaza kwamba ananipa zile wiki. Ningewaza hivyo ningekuwa nimelala vizuri miaka hii. Niliwaza ni mvivu, anakwepa shule, na mimi nikamfichia kwa sababu nilikuwa naitaka namba yake. Wiki zile ndipo Saa Mbovu alipofundisha asilimia. Nilimsomea, lakini nilisoma harakaharaka, asilimia nilizipenda nikaziweka kwangu. Mwisho wa mwaka alikosa ile shule aliyoitamani kwa alama nne, ikabidi azunguke njia ndefu mpaka kufika kwenye hizo pampu. Alama nne hizo ninazo mimi. Kila aliposema mwakani nilishukuru.

Sasa unaniambia alikuwa amelala pale kwa hiari yake, macho amefumba, ananisikia nikibandua.

Nimekata kitambaa cha watu vibaya leo, mara ya kwanza baada ya miaka kumi.

Nitakuja. Basi litaingia Ijumaa ya tarehe tisa, saa tano asubuhi, siku moja kabla ya mkutano. Baba yako aje kunipokea, aje peke yake, wala asije na gari la kazini. Tutatembea. Hii ya mbegu nitamwambia mwenyewe njiani, kabla hatujafika kwenu, kwa sababu nikishaingia ndani nitaanza kusifia mapazia ya mama yako na nitapata miaka mingine thelathini ya kunyamaza. Ajiweke upande wangu wa kulia, kwenye sikio zima. Sitaki kumwambia arudie.

Wewe utabaki nyumbani. Najua utataka kujua tulisema nini. Hutajua.

Ni mimi,
Shangazi yako